Mnyororo Upi Uvishwe Katapila: Mwongozo kwa Watu Wazima Wasioombwa Ushauri

Mwongozo huu ni wa mtu mzima. Mtoto wa miaka tisa wa Mtendeli, mkoani Kigoma, hauhitaji, na akiukuta mezani ataukunja atengeneze kibati cha namba. Unamlenga mzazi, mjomba, mwalimu wa zamu au afisa mradi ambaye, akipita kwenye uwanja wenye vumbi jekundu na kukuta katapila la kuchezea linasukuma udongo, husimama, hukohoa, kisha husema, “Hapo umekosea.” Mtu huyo yupo kila kijiji kuanzia Kakonko hadi Kasulu. Kwa kuwa hakuna dawa ya kumzuia asiseme, heri tumpe la kusema.

Tunazungumzia katapila kwa sababu ndilo dude la minyororo linaloonekana huku. Nchi za wenye nafasi, watoto wenye mvi huunda vifaru vya mfano, wakavipaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu, kisha wakabishana usiku kucha kuhusu mnyororo upi umfae Mjerumani na upi umfae Mrusi. Sisi tuna barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260 za kugeuza vumbi kuwa lami, na ujenzi wake umeleta milangoni mwetu maonyesho ya mitambo ambayo mtu wa Tokyo angelipia kiingilio. Mtoto aliyechunga mbuzi kando ya barabara hiyo ameona mnyororo ukipanda kifusi, ukigeuka ulipo, ukikwama, ukivuliwa na kuvishwa. Hiyo ni stashahada.

Asiyependa vita asiwe na wasiwasi. Katapila ni mkubwa, kifaru ni mdogo wake. Mwaka 1904 huko Stockton, California, bwana Benjamin Holt alichoka kuona matrekta yake ya mvuke yakididimia kwenye udongo laini. Kwanza aliyaongezea magurudumu upana, akaongeza tena, hadi akawa na trekta lenye upana wa zaidi ya meta 10, ambalo bila shaka halikuzama, ila kulipitisha getini ilikuwa shughuli nyingine. Tarehe 24 Novemba mwaka huo alivua magurudumu ya nyuma, akafunga mnyororo wa vibao vya mbao, na dude likatambaa juu ya tope pasipo shida. Miaka 11 baadaye Waingereza walitaka gari la kuvuka mahandaki. Wakaagiza minyororo ya dukani, kutoka kampuni ya Bullock ya Chicago. Ikafika, ikafungwa, ikalegea, ikachomoka. Ikabidi William Tritton na wenzake wa kiwanda cha Lincoln watengeneze yao wenyewe kwa mabamba ya chuma, na ndipo tarehe 15 Septemba 1916 vifaru vikaingia vitani kwa mara ya kwanza, kule Somme nchini Ufaransa. Kwa hiyo serikali yenye himaya, hazina na jeshi la majini ilianza kwa kununua mnyororo usiofaa. Ukikosea na wewe, uko katika kundi la heshima.

Jambo la kwanza la kitaalamu ni kipimo. Hapa mtu mzima hupenda kutoa rula. Irudishe mfukoni. Waunda modeli duniani wanaheshimu kipimo cha moja kwa 35 na kukisemea kana kwamba kilishuka na mbao za Musa. Kilitoka Shizuoka, Japani, kwenye kampuni ya Tamiya, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kifaru chake cha Panther kitembee kwa mota. Mwili ukapewa ukubwa wa kutosha kumeza betri na mota, halafu wakapiga hesabu ya kujua wamefikia kipimo gani. Dunia nzima sasa inafuata ukubwa wa betri za Wajapani wale. Kipimo cha Mtendeli kimepatikana kwa njia hiyo hiyo ya kisayansi: ni moja kwa kopo. Likipatikana kopo la mafuta ya kupikia, katapila ni kubwa. Likipatikana kopo la nyanya, ni dogo. Likipatikana boksi la sabuni, litakuwa kubwa hadi siku ya mvua.

Sasa ardhi. Hili ndilo pekee katika mwongozo huu ninalolisema bila utani, basi lisome taratibu. Mnyororo huchaguliwa na udongo utakaoukanyaga. Udongo wa nyanda hizi za juu ni mwekundu. Wakati wa kiangazi ni unga unaoingia puani na kwenye chai, na mvua zikishika ni tope linalong'ang'ania kila kitu, ukiwemo unyayo wa afisa mradi. Hakuna mnyororo mmoja unaopenda hali zote mbili. Anayekuambia upo ana shehena anataka kuiuza.

Tuanze na tyubu, maana asilimia kubwa ya makatapila yaliyo kazini yamevaa tyubu. (Hiyo asilimia nimeitaja kitaalamu, usiniulize ni ngapi.) Tyubu kuukuu ya baiskeli ukiikata kwa kukingama unapata pete iliyokwisha kuungwa na kiwanda. Huhitaji gundi wala pini. Unaivuta juu ya magurudumu mawili yaliyochongwa kwenye ndala, moja mbele na moja nyuma, na katapila limekwisha kuvaa. Tyubu ya baiskeli hutoa pete ndogo, ya kukaza. Ya pikipiki hutoa pete ya kadiri, na tangu bodaboda zienee hadi vitongojini malighafi hii haina uhaba. Ya lori hutoa pete ambayo unaweza kuivisha katapila la kumbeba mdogo wako, jambo ambalo limejaribiwa bila ridhaa ya mdogo mwenyewe.

Ugomvi wa tyubu ni kukaza. Mtu mzima akipewa kazi hii hukata pete nyembamba na ndogo, kwa fahari, huku akisema mnyororo mzuri ni uliokaza. Baada ya dakika tano ekseli za spoku zimepinda, magurudumu yameegemeana kwa juu, na katapila linaburuzwa tumbo chini. Kamuulize opereta wa barabarani. Mnyororo wa katapila la kweli huachwa ulegee kidogo kwa makusudi. Fundi hupima ulegevu huo, akiuona umezidi anasukumia grisi kwenye silinda inayosogeza gurudumu la mbele, akiona umekaza mno anaitoa. Mnyororo uliokaza kupita kiasi hujitafuna wenyewe. Na kifaru cha Kirusi cha T-34 hakina hata vigurudumu vya kushikilia mnyororo kwa juu: unalala tu migongoni mwa magurudumu makubwa, ukibonyea kati ya gurudumu na gurudumu.

Hapo ndipo tyubu inapowaumbua waunda modeli wa ng'ambo pia. Vifaru vyao vingi kwa miaka mingi vilitoka na minyororo ya plastiki laini, kipande kirefu kimoja kila upande, ambacho ncha zake unaziunganisha kwa kupitisha vipini vidogo kisha kuviyeyusha kwa bisibisi iliyopashwa moto. Inavaa upesi, mtoto anaiweza, haina makuu. Lakini ni mpira: inakaza, inasimama wima pale inapopaswa kulala, rangi inabanduka, gundi haishiki. Basi watu wazima, wenye shahada na mikopo ya nyumba, hukaa wakiufunga mnyororo kwa uzi na vijiti ili ubonyee kama wa Mrusi. Mtoto wa Mtendeli hatumii uzi. Anachagua tyubu iliyochoka. Tyubu iliyopigwa viraka hadi fundi akakata tamaa imekwisha kupoteza kiburi chake. Ukiivisha inakaa, ikiguswa inabonyea. Ndiyo maana mazungumzo kwenye kibanda cha fundi baiskeli huwa hivi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unataka nini?”

“Tyubu iliyooza.”

“Ya nini?”

“Ya kazi.”

Fundi mwenye busara haulizi zaidi. Asiye na busara atashuku manati, na kwa kweli ana haki, kwani manati ndiyo mshindani mkuu wa katapila katika soko la mpira. Kipande kizuri cha tyubu, chenye mvuto, kikiingia mtaani leo asubuhi, kufikia jioni kimeshakuwa manati na kuna mama anatafuta aliyempiga kuku wake. Huu ni mgawanyo wa haki: mpira wenye nguvu uende kwenye manati, uliochoka uende kwenye ujenzi. Laiti ajira zote zingegawanywa hivyo.

Wakati wa mvua tyubu haina mpinzani, kwa sababu tope haliishiki sana na ukiisuuza kwenye dimbwi imetakata. Kwenye vumbi huteleza. Katapila linasukumwa, magurudumu yanazunguka, mnyororo umekaa palepale ukitafakari.

Ndipo wanakuja vizibo. Unakusanya vizibo vya soda na bia, unavigonga kwa jiwe hadi vilale, lakini usivilaze kabisa. Acha meno yake yabaki yameinuka kidogo. Unatoboa kila kimoja matundu mawili kwa msumari. Unapitisha nyuzi mbili zilizochomolewa kwenye kiroba cha sandarusi, sambamba, na kila baada ya kizibo unapiga fundo ili vizibo visirundikane. Ukifika mwisho unaunga. Sasa una mnyororo wa pingili, kila pingili yenye meno yake, na kwenye vumbi la Agosti unauma ardhi ukiacha alama ambazo mtoto huwaonyesha wenzake kabla ya kuwaonyesha katapila lenyewe. Nyuzi, nasisitiza. Mtu mzima atapendekeza waya kwa sababu waya ni imara. Waya haukunjiki na kukunjuka mara elfu. Unakunjika vizuri mara chache, kisha unakatika mbele ya watu.

Vizibo vina matatizo mawili. Moja ni tope: yale meno yaliyokuwa fahari ya kiangazi hujaa udongo siku ya mvua, mnyororo ukanenepa, ukagoma kupita kwenye gurudumu, na kazi ikasimama hadi mkandarasi apate kijiti cha kuchokolea. La pili ni la kiuchumi. Kampuni za soda zinazidi kuhamia kwenye chupa za plastiki zenye vifuniko vya kuzungusha, na vifuniko hivyo havigongeki vikalala. Sekta ya vizibo inazidi kubaki mikononi mwa bia. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa familia inayosali sana anaweza kujikuta hana malighafi, ilhali jirani yake, ambaye baba yake hurudi nyumbani akiimba, anaunda katapila la tatu. Sijaona andiko la mradi linalozungumzia ukosefu huu wa usawa, ingawa yameandikwa maandiko kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Cheni ya baiskeli ni ya matajiri. Ni chuma, ina uzito, inajikunja pingili kwa pingili bila kubembelezwa, na kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7 kamili, iwe imetoka India au China. Waunda modeli wa ng'ambo nao wana minyororo yao ya chuma, inayouzwa katika vijisanduku, ambayo unaiunga pingili moja moja kwa vijipini vya waya. Pande mbili za kifaru kimoja zinaweza kukaribia au kupita pingili 200, na bei yake huweza kuzidi bei ya kifaru chenyewe. Wanaipenda kwa sababu moja: chuma hulegea chenyewe kwa uzito wake, hakihitaji kufungwa kwa uzi ili kionekane kimechoka. Cheni ya baiskeli ina sifa hiyo hiyo. Ila ni nyembamba. Katapila haliogelei juu ya udongo kwa sababu mnyororo wake ni wa chuma. Linaogelea kwa sababu ni mpana na uzito umetandazwa. Ukilivisha cheni kwenye udongo mbichi litachora mistari miwili mizuri sana likienda chini. Tena gurudumu la ndala lazima lichongwe mfereji katikati, la sivyo cheni inatoka pembeni kila kona. Na grisi yake nyeusi huhamia kwenye sare ya shule, na kutoka hapo suala si la kihandisi tena. Cheni iachiwe wale wanaotaka kulionyesha katapila likiwa juu ya meza.

Mabua ya mahindi na matete: kata vipande vifupi, vitunge kwa nyuzi mbili, una mnyororo mwepesi, mpana, wa bure. Wasomi huucheka, wakisahau kwamba wa Holt nao ulikuwa wa vibao. Udhaifu wake ni mbuzi.

Kuhusu bati, nitasema kwa tahadhari. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena Januari 2016, wakati Warundi wakikimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao mwaka 2015, eneo hili lilipata ghafla maelfu ya watoto na pamoja nao makopo ya mafuta ya msaada, yameandikwa ubavuni kwamba si ya kuuzwa wala kubadilishana. Watoto waliitii amri hiyo kuliko watu wote: hawakuuza, waliunda. Bodi za malori, bodi za mabasi, koleo la mbele la katapila, vyote hutoka vizuri kwenye bati la kopo. Mnyororo hautoki. Ukanda wa bati uliokunjwakunjwa unavutia macho, unapiga kelele nzuri, kisha unakatika kwenye mkunjo na kuacha ukingo unaokata kidole hadi zahanati. Pepopunda haina utani, na ni vyema mtu mzima, aliyekuwa akitafuta sababu ya kuingilia, aingilie hapa. Akunje kingo zote za bati kwa koleo, azigonge zilale, halafu arudi kwenye kiti chake. Kambi yenyewe ilifungwa mwaka 2021 na watu wakapelekwa Nduta, upande wa Kibondo, kwa malori ya ukubwa kamili. Makopo nayo yakahama.

Upo pia mnyororo wa udongo. Chukua udongo wa kichuguu, ule ule wa tofali, finyanga katapila zima, kisha chora pingili kwa kijiti. Halitembei, halivunjiki mnyororo, halihitaji matengenezo, na likikaa juani siku mbili linafaa kuwekwa dirishani mwa ofisi. Linafanana sana na miradi kadhaa ninayoifahamu.

Na kuna njia ya wajanja, ambayo ni kutokuwa na mnyororo. Wajerumani katika Vita vya Pili walining'iniza mabamba ya chuma ubavuni mwa vifaru vyao kuzuia risasi, na waunda modeli wa leo wakishajua mabamba yataficha nusu ya juu ya mnyororo, hawaifungi kabisa hiyo nusu. Hakuna atakayechungulia. Huku kwetu fundi mwenye haraka huteremsha bodi ya boksi hadi karibu na ardhi, chini anaweka magurudumu mawili matatu ya kawaida, na ubavuni anachora mnyororo kwa mkaa. Likipita mbali linapendeza. Mkaguzi akija, lisimamishwe kwenye nyasi.

Kwa wavivu wa kusukuma, kiko kifaru cha kibiringo. Omba kibiringo kitupu cha uzi kwa fundi cherehani. Chonga vijino kwenye kingo zake mbili, hivyo ndivyo mnyororo. Pitisha mpira mwembamba kwenye tundu. Upande mmoja uuzuie kwa njiti fupi, upande wa pili uupitishe kwenye kipande cha sabuni au mshumaa kilichotobolewa, halafu kwenye kijiti kirefu. Zungusha kijiti hadi mpira ujikunje, weka chini, achia. Kitatambaa polepole, kitapanda mgongo wa daftari, kitaanguka upande wa pili na kuendelea. Sabuni iko pale kupunguza msuguano ili kisifyatuke mara moja. Hiki ndicho chombo pekee katika mwongozo huu chenye injini, na ndicho pekee ambacho mtu mzima hucheza nacho hadi mtoto aombe zamu.

Sasa nirudi kwenye ardhi, kwa sababu najua hukulisoma taratibu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa kiasi kikubwa ajabu: Kongwa kwanza, kisha Nachingwea, na Urambo, kwenye reli inayoishia Kigoma. Lengo lilikuwa zaidi ya eka milioni tatu. Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha baada ya vita, basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki, ikavua mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta na kuyaita Shervick. Ndiyo, ndugu msomaji: vifaru vililetwa kulima karanga. Mipango ilikuwa imechorwa na watu walioiona nchi kwa muda mfupi mno, sehemu kubwa kutoka angani. Chini kulikuwa na mizizi iliyosukwa, mibuyu isiyong'oka, na udongo ambao ukikauka huwa mgumu na kula vyuma vya majembe. Januari 1951 mpango ulifutwa, na mamilioni ya paundi yakafutwa pamoja nao. Minyororo waliyokuwa nayo ilibeba mashine zilizozaliwa vifaru. Haikuwa dhaifu. Ilikuwa imeletwa bila kuuliza udongo.

Huko Goma, nchini Kongo, waunda chukudu hawakuitisha semina. Baiskeli ile ya mbao inayobeba magunia ya viazi na mkaa inapita juu ya miamba ya volkeno, mbao tupu isingedumu, basi wakaivisha gurudumu la mbao ukanda wa tairi kuukuu na kuupigilia misumari. Kazi ikaisha. Chukudu ikajengewa sanamu mjini. Mtaalamu angewapa kwanza dodoso.

Ikiwa baada ya yote haya bado unataka kushiriki, kuna majukumu mawili yanayokufaa. La kwanza ni kushika upande wa pili wa waya wakati fundi anakata, na kunyamaza. La pili ni kupoteza ndala. Gurudumu bora la katapila hutoka kwenye kisigino cha ndala ya mtu mzima, pale mpira ulipo mnene; ndala moja ya namba kumi hutoa magurudumu manne na mabaki ya kutosha taa za nyuma. Usitoe jozi, kwa sababu jozi huonekana ni zawadi na zawadi huwekwa kabatini. Poteza moja. Mama watoto akiuliza, mbwa wa jirani ana rekodi.

Usimnunulie mtoto katapila la plastiki la kutoka mnadani kwa kudhani umemfupishia kazi. Minyororo yake ni mpira mwembamba uliogundishwa. Itakatika kabla ya Jumatatu, naye atalifungua, atachukua ekseli, atachukua magurudumu, na mwili atampa mdogo wake wa kuogea. Umelipa bei ya dukani kwa vyuma viwili.

Kilichobaki ni cha mafundi baiskeli na pikipiki wa Kakonko, Kibondo na Kasulu. Jioni mnapofunga vibanda mnachoma tyubu chakavu, moshi mweusi unaingia kwenye mboga za watu. Tafadhali msichome. Wekeni ndoo nje ya kibanda, tupieni humo tyubu, spoku zilizopinda na cheni zilizokatika. Wenyewe watakuja kuzichukua, tena kwa shikamoo.